Vituo vya Skii na Joto la Dunia: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Nakuru na Kisumu

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa utalii, waongoza watalii na wenye hoteli wa huku Bonde la Ufa na upande wa Ziwa Victoria. Wengi wao hawajawahi kushika theluji, na hilo si kizuizi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi. Mengine hayahitaji zaidi ya mistari miwili.

Sisi wa Nakuru, theluji inatuhusu nini?

Muulize yeyote aliyekuwa na duka karibu na lango la Mbuga ya Ziwa Nakuru miaka ya 2000 alikuwa akiuza nini. Flamingo. Fulana za flamingo, kadi za flamingo, vinyago vya flamingo. Hifadhi yenyewe ilianzishwa kwa ajili ya ndege. Kisha kuanzia mwaka 2010 hivi maji yakaanza kupanda, kwa mvua nyingi na udongo unaoletwa na mito kutoka kwenye misitu iliyokatwa. Lango kuu la zamani likazama. Maji mapya yakapunguza magadi, mwani anaoutegemea flamingo ukapungua, na ndege wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Ziwa lilijaa, lakini bidhaa iliyouzwa kwa miaka mingi ikaondoka.

Kituo cha skii ni biashara ya namna hiyo. Kinauza kitu kimoja kinacholetwa na hali ya hewa, na mwenye biashara hana mamlaka nacho. Wenzetu wa milimani wamekuwa wakihangaika na tatizo hili kwa miongo kadhaa, wametumia pesa nyingi mno, na makosa yao tunaweza kuyasoma bila kulipa ada.

Kituo cha skii ni kitu gani hasa?

Ni mlima ambako watu huteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu nyembamba (skii) zilizofungwa miguuni. Una miteremko iliyosafishwa, lifti za kupandisha watu juu, na kijiji chini chenye hoteli, mikahawa, maduka ya kukodisha vifaa na walimu. Mgeni analipia tiketi ya lifti. Hapo ndipo pesa kubwa ilipo, na lifti isipozunguka, kijiji kizima kinalala njaa: mwenye hoteli, mpishi, dereva wa basi, hata mkulima anayeuza jibini.

Joto limeharibu nini, wakati Ulaya bado kuna baridi?

Milima ya Alps imepata joto kama nyuzi 2 za Selsiasi tangu mwisho wa karne ya 19, kiasi cha mara mbili ya wastani wa dunia. Kila nyuzi moja inapoongezeka, mstari wa theluji hupanda mlimani kwa takriban mita 150. Kwa hiyo kijiji kilicho mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambacho babu alikuta theluji mlangoni mwezi wa kumi na mbili, leo kinapata mvua.

Na angalia ni lini inakosekana. Wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya ndiyo ya mavuno kwao, kama Agosti ilivyo kwa wenye hoteli za Mara wakati nyumbu wanavuka. Ukikosa wiki hizo mbili, theluji ya Machi haikufidii, kwa sababu watoto wamesharudi shule na wazazi wamesharudi kazini.

Si watengeneze theluji kwa mashine tu?

Wanatengeneza, na wameanza zamani. Mwaka 1950 huko Connecticut, Marekani, watu waliokuwa na kiwanda cha skii walikosa soko kwa sababu majira yalikuwa hayana theluji. Wakarusha maji hewani kwa kutumia hewa iliyoshindiliwa, yakashuka yakiwa theluji. Leo mizinga ya theluji, yaani mashine za kuirusha, imejaa kwenye miteremko ya Ulaya, Marekani na Asia. Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Beijing mwaka 2022 ilichezwa karibu yote juu ya theluji ya mashine.

Shida ya kwanza ni kwamba mashine inahitaji baridi. Watu wengi hudhani mzinga ni friji kubwa. Sivyo. Mzinga wa kawaida hurusha matone madogo, na hewa yenyewe ndiyo inayoyagandisha. Kinachotazamwa ni joto pamoja na unyevu wa hewa. Fikiria mtungi wa udongo: maji yake hupoa kwa sababu yale yanayopenya nje hugeuka mvuke na kuondoka na joto, na ndiyo maana mtungi hupoza vizuri zaidi Lodwar kwenye hewa kavu kuliko Kisumu ufuoni. Tone la mzinga nalo hupoa hivyo. Hewa ikiwa kavu sana, theluji inaweza kutoka hata kipimajoto kikisoma sifuri au juu kidogo. Ikiwa na unyevu mwingi, hata nyuzi 2 chini ya sifuri hazitoshi. Sasa joto likipanda, saa za usiku zenye baridi ya kutosha zinapungua, na kituo kinalazimika kununua mizinga mingi zaidi ili kitengeneze theluji yote ndani ya siku chache. Yaani unanunua mashine zaidi ili uzitumie kwa muda mfupi zaidi.

Shida ya pili ni maji. Kufunika hekta moja kwa theluji ya kina cha sentimita 30 kunahitaji takriban lita milioni moja, sawa na jerikeni 50,000 za lita 20. Kwa hiyo vituo huchimba mabwawa milimani. Huko La Clusaz, Ufaransa, mpango wa bwawa la namna hiyo ulizua ugomvi mkubwa: wanaharakati wakapiga kambi msituni, na mwaka 2022 mahakama ikausimamisha. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa watumiaji wa maji wa mto Malewa au Nzoia anajua sauti za ugomvi huo hata bila kujua Kifaransa.

Shida ya tatu ni umeme na mkopo. Zipo mashine zinazotengeneza barafu laini hata kukiwa na joto, lakini hizo kweli ni friji, zinakula umeme mwingi na zinatosha kipande kidogo tu: mteremko wa watoto, au sehemu ya chini inayounganisha lifti na kijiji.

Maoni yangu ni kwamba kwa kituo kilicho juu sana mzinga unanunua muda. Kwa kituo kilicho chini, unanunua deni.

Nimesikia walibeba theluji kwa helikopta. Ni kweli?

Ni kweli. Februari 2020 kituo cha Luchon-Superbagnères, katika milima ya Pyrenees upande wa Ufaransa, kilibeba kama tani 50 kwa helikopta kutoka juu kushuka kwenye mteremko wa wanaoanza kujifunza. Serikali yao yenyewe iliwakemea. Mwaka 2010 huko Vancouver, mashindano ya Olimpiki katika mlima wa Cypress yaliokolewa kwa theluji iliyoletwa kwa malori na helikopta, chini yake wakaweka marobota ya nyasi kavu ili kupunguza theluji iliyohitajika. Haya ni ya kuokoa siku moja isiharibike mbele ya kamera. Usiyaweke kwenye mtihani kama mbinu ya kukabiliana na tabianchi.

Theluji ya mwaka huu haiwezi kuhifadhiwa hadi mwaka ujao?

Inaweza, na hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote kwa sababu ni ya kizamani kabisa. Mwisho wa majira ya baridi wanakusanya rundo kubwa, wanalisawazisha, kisha wanalifunika kwa unga wa mbao na maranda, au kwa mablanketi maalumu. Rundo linakaa hivyo kiangazi kizima. Sehemu yake huyeyuka, lakini sehemu kubwa inabaki. Kufika Oktoba wanafunua na kuitandaza. Davos kule Uswisi, Östersund kule Uswidi, na Ruka na Levi kule Ufini wanafanya hivyo, na Ruka hufungua mteremko mapema Oktoba bila kungoja mbingu.

Kuna pia kufunika barafu yenyewe, ile ya kudumu iliyo juu milimani. Huko Presena, Italia, tangu mwaka 2008 barafu ya mlimani hufunikwa kila kiangazi kwa vitambaa vyeupe vinavyorudisha miale ya jua. Vinapunguza kuyeyuka pale vilipo, na barafu inaendelea kupungua kwingine kote. Ukiona picha zake utadhani mlima umevishwa sanda.

Kwa nini wasihamie juu zaidi?

Wamehamia. Lakini mlima una kilele, ukifika hapo umemaliza. Huko juu kuna upepo unaosimamisha lifti, kuna hatari ya maporomoko ya theluji, kuna sheria za hifadhi, na nguzo za lifti zilizosimikwa juu ya barafu zinasogea barafu inapoyeyuka.

Na urefu haukuhakikishii chochote. Chacaltaya, Bolivia, palikuwa na kituo cha skii cha juu kuliko vyote duniani, zaidi ya mita 5,000, juu ya kilele cha Mlima Kenya. Barafu yake iliisha kabisa mwaka 2009. Kiangazi cha 2022 huko Les Deux Alpes, Ufaransa, kuteleza juu ya barafu kulifungwa mapema Julai, na Stelvio, Italia, nao wakasimamisha.

Wanasayansi wanatabiri nini?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature Climate Change ulipima vituo 2,234 vya Ulaya. Dunia ikipata joto la nyuzi 2 kuliko kabla ya enzi ya viwanda, asilimia 53 vitakuwa kwenye hatari kubwa sana ya kukosa theluji vikitegemea ya mbinguni peke yake. Kwa nyuzi 4, ni asilimia 98. Mashine zikifunika nusu ya miteremko, hatari hiyo inashuka hadi asilimia 27 na 71.

Soma tarakimu hizo pole pole. Mashine zinasaidia, na zinasaidia sana dunia ikiishia nyuzi 2. Zikifika 4, hata ukiwa na mashine, vituo saba kati ya kumi viko taabani.

Benki zinasemaje?

Benki zilielewa mapema kuliko wanasiasa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 benki za Uswisi zilikuwa zikisita kuvikopesha vituo vilivyo chini ya mita 1,500. Mtu akitaka kujua kama eneo lake la utalii lina miaka 20 mbele, asimuulize mheshimiwa kwenye mkutano wa hadhara. Amuulize afisa wa mikopo.

Tiketi za msimu mzima zinaingiaje hapa?

Hii watu huipita haraka, na mimi naiona ndiyo mbinu ya kibiashara iliyofanikiwa kuliko zote. Kampuni ya Marekani ya Vail Resorts ilianzisha tiketi ya Epic Pass mwaka 2008. Unalipa kabla ya majira kuanza, bei nafuu, halafu unateleza kwenye vituo vyao vingi msimu mzima. Kampuni inapata pesa kabla hata theluji haijaanguka. Ikikosekana Colorado, pengine ipo Canada, na tiketi ni ile ile. Hatari ya hali ya hewa imehama kutoka kwa mwenye lifti hadi kwa mgeni, na mgeni anaona amepata bei nzuri.

Ubaya wake: kituo kidogo cha kijiji kisicho na ndugu wengine hakiwezi kufanya hivyo. Mbinu hii inawapa nguvu wenye milima mingi na kuwabana wenye mmoja.

Biashara ya kiangazi inaweza kuchukua nafasi ya theluji?

Kwa sehemu. Lifti ile ile iliyopandisha watu wa skii inafungwa ndoano za kubeba baiskeli. Whistler, Canada, wamejenga jina kubwa la baiskeli za milimani kwa njia hiyo. Wengine wana njia za kutembea, reli za vigari vinavyoteremka, mashindano ya kukimbia milimani. Copenhagen, jiji lisilo na mlima, limejenga mteremko wa plastiki juu ya paa la mtambo wa kuchoma taka, ukafunguliwa mwaka 2019. Watu wanateleza bila theluji hata kidogo.

Tatizo ni pochi. Mgeni wa skii analipa tiketi ya lifti, anakodi vifaa, analipa mwalimu, analala wiki nzima. Mtembea kwa miguu amebeba mkate wake na maji yake, na njia ya mlimani haina lango. Kwa hiyo anayehesabu wageni peke yake atafurahi, na anayehesabu mauzo atanuna.

Hapa Nakuru tunaijua hesabu hii, na tulikuwa na bahati. Tangu miaka ya 1980 hifadhi ililinda faru, na twiga wa Rothschild walikuwa wameshaletwa. Flamingo walipopungua, mgeni bado alikuwa na sababu ya kulipa langoni, na faru hahitaji mwani. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ajili ya tabianchi, lakini tuliponea hapo. Kisumu nako, wenye boti wa Dunga wanaotegemea safari ya kuona viboko hukwama gugu maji linapojaa ghuba. Wale waliojiongeza, wanaowatembeza wageni kwenye daraja la mbao katikati ya mafunjo kuona ndege na kueleza kazi ya uvuvi, hawakai bure siku ambayo boti haiwezi kutoka.

Kuna kituo kilichokubali kufunga kwa hiari?

Vipo, na kwangu hapa ndipo penye somo zito kuliko mizinga yote.

Métabief ni kituo cha milima ya Jura, Ufaransa, ambacho kilele chake hakifiki hata mita 1,500. Badala ya kukopa na kununua lifti mpya, waliomba takwimu za theluji za miaka ijayo, wakazisoma, wakatangaza kwamba skii ya mteremkoni itafika mwisho kati ya mwaka 2030 na 2035 hivi. Uamuzi huo haukufunga lango kesho yake. Ulibadilisha matumizi: lifti za zamani zinatunzwa zidumu hadi tarehe hiyo, pesa za vifaa vipya zinaelekezwa kwenye shughuli za misimu mingine, na wafanyakazi wanajua miaka yao mapema. Fundi wa lifti mwenye umri wa miaka 45 akiambiwa leo kwamba kazi yake ina miaka 10, anaweza kujifunza kazi nyingine. Akiambiwa Novemba kwamba Desemba hakuna kazi, hana la kufanya.

Kule Seyne-les-Alpes, mwaka 2024 manispaa iliwauliza wakazi kwa kura ya maoni kama kituo chao kidogo cha Grand Puy kiendelee, kwa sababu kila mwaka kilikuwa kikila pesa za umma. Zaidi ya asilimia 70 wakasema kifungwe. Saint-Firmin, pia Ufaransa, palikuwa na lifti ya mwaka 1964 iliyosimama kwa miaka mingi bila kazi. Mwaka 2022 wakaing'oa, vyuma vikaondolewa mlimani.

Msomaji mmoja wa Baringo aliniuliza kama huko si kukata tamaa. Mimi sioni hivyo. Kampi ya Samaki kuna kuta za hoteli zilizosimama ndani ya maji, ambazo wenye nazo walizikarabati, maji yakapanda tena, wakazikarabati tena. Sisemi walikuwa wajinga. Ziwa halikuwapa taarifa. Lakini wa Métabief walikuwa na takwimu, nasi sasa tunazo za maziwa yetu, na anayejenga leo ufuoni pa Naivasha au Baringo bila kuzitazama amechagua mwenyewe.

Mizinga na lifti zenyewe hazichangii joto?

Zinachangia, lakini sehemu kubwa ya hewa chafu ya likizo ya skii inatoka kwenye safari: magari na ndege za wageni. Kituo kinachofikika kwa treni kina la kujivunia kuliko kile kilichoweka taa za sola bafuni.

Tujenge kituo Mlima Kenya au Elgon, tuvutie watalii?

Hapana. Kwenye ikweta hakuna majira ya baridi. Theluji huanguka usiku na kuyeyuka mchana, mwaka mzima. Kilichokuwepo Mlima Kenya ni barafu ya kudumu, na hiyo inakwisha: UNESCO ilitoa ripoti mwaka 2022 ikisema barafu za maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika, Mlima Kenya na Kilimanjaro zikiwemo, huenda zikatoweka ifikapo 2050. Elgon haina barafu ya kudumu. Litangaze pango la Kitum na ndovu wanaoingia humo kutafuta chumvi, hilo halina mshindani duniani.

Kuna Mkenya aliyewahi kushindana?

Philip Boit, mzaliwa wa upande wa Eldoret, alikuwa Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi, Nagano 1998. Alishiriki kilomita 10 za skii ya kukimbia. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akabaki kwenye mstari kumsubiri ili amkumbatie. Boit akaja kumwita mwanawe Dæhlie. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Austria, alikuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya kwenye michezo hiyo, kwa skii ya mteremkoni.

Michezo yenyewe nayo iko mashakani. Watafiti walipima maeneo 93 duniani yenye uwezo wa kuandaa michezo hiyo, wakaona ni 52 tu yatakayobaki na hali ya hewa ya kuaminika miaka ya 2050.

Nikitaka kujaribu bila kwenda Ulaya, niende wapi?

Afriski, Lesotho, katika milima ya Maluti, juu ya mita 3,000. Msimu wao ni Juni hadi Agosti, na sehemu kubwa ya theluji ni ya mizinga, kwa sababu usiku wa huko una baridi kali na hewa kavu. Unapita Johannesburg, kisha barabara kupitia Butha-Buthe. Oukaïmeden, Morocco, ni jina jingine, lakini huko ni miezi ya Desemba hadi Machi na mvua ikikosekana hakuna theluji.

Skii na viatu unakodi hukohuko. Jaketi na suruali usinunue mpya: nenda soko la Kibuye siku ya Jumapili, uliza wenye marobota ya nguo za baridi. Hazina wanunuzi wengi Kisumu, kwa hiyo bei inashuka ukiongea vizuri. Jaribu zipu zote, kagua mishono ya mabega, na umwagie kitambaa maji kidogo uone kama yanateleza au yanapenya.